Mbuzi Aliyeletwa kwa Mkaguzi wa Nyama

Ukila nyama Garissa, kuna uwezekano mkubwa kwamba niliishika kabla yako. Kila alfajiri niko machinjioni na gambuti zangu na kisu. Nachana maini, nabonyeza mapafu, nageuza figo, halafu nagonga muhuri. Wenyeji huniita Daktari. Nina cheti tu, tena cha miaka miwili, lakini sijawahi kumsahihisha mtu, kwani heshima ya bure nani huikataa?

Nyumbani kwangu, lakini, nyama ilikuwa marufuku tangu Krismasi. Mke wangu Mirriam, ambaye hufundisha Biolojia shule ya sekondari, ndiye aliyepitisha sheria hiyo. Mwezi huo wa Desemba baba yake, Mzee Mwiti, alikatwa mguu huko Meru kwa sababu ya kisukari. Mirriam alikwenda kumwona, akakaa siku nne, akarudi bila kulia. Alifika, akafungua kabati la jikoni, akatoa kopo la sukari na kulimwaga chooni huku mkoba ukiwa bado begani.

Sukari niliielewa. Kisha ikafuata nyama, baada ya nyama mkate, chapati na mchele mweupe, na mwisho kabisa yakafuata maziwa. Nikauliza maziwa yalimkosea nani. Akanipa simu yake nimtazame daktari fulani wa ng'ambo mwenye meno meupe sana, ambaye kwa dakika arobaini alieleza jinsi maziwa yanavyowaua watu. Nilimtazama nikiwaza kwamba yeye na mimi tungekaa siku moja tu katika soko la mifugo la Garissa, asingefika jioni na maneno hayo.

Basi watoto wetu wakawa wa uji wa wimbi usio na sukari, viazi vitamu, ndengu na kunde zinazoletwa na malori kutoka Mwingi. Silas ana miaka mitatu, naye alilia siku tano mfululizo akitaka maziwa. Siku ya sita nilijipa moyo mezani.

"Mama Abi, huyu ni mtoto mdogo. Hata kikombe kimoja?"

Mirriam aliweka kijiko chini. "Kama una jambo, Baba Abi, liseme hapa hapa mbele ya watoto, nao wasikie sababu zako. Sitaki wa kunipinga chumbani na kunikubali mezani."

Sababu sikuwa nazo. Nilikuwa na ulimi tu na yale ulimi unayoyapenda. Tena mimi ni mtu wa hasira za haraka barabarani na sokoni, lakini nyumbani hugeuka maji. Nikasema, "Mama yenu anasema kweli. Hata mimi nimeacha."

Maneno hayo ya mwisho hakuna aliyeniomba. Yalitoka yenyewe, kwa ile tamaa ya kuonekana mtu mzuri. Abigael, binti yangu wa miaka tisa, aliinua macho.

"Hata kazini?"

"Hata kazini."

Kesho yake saa saba nilikuwa kwa Salat.

Hoteli ya Salat haina kibao, na haikihitaji. Anachemsha mbuzi kwa iliki na mdalasini hadi nyama iachie mfupa yenyewe, anaiweka juu ya mchele, anakuwekea ndizi pembeni, na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia kinakuja bila kuagizwa. Nilikuwa na kiti changu cha ndani kabisa, nyuma ya friji. Salat hakuniuliza kwa nini mtu mzima anakula amejificha kama mwanafunzi aliyetoroka shule. Aliniongezea mchuzi tu.

Ramadhani ilipoingia Salat alifunga mchana, nami nikafunga kwa kukosa la kufanya. Nilipungua kilo tatu. Abigael aliuona mkanda wangu umerudi matundu mawili nyuma, akaniambia anajivunia kuwa na baba kama mimi. Nilijibu asante. Kweli nilijibu hivyo, bila aibu yoyote.

Hilo la kujivunia ndilo lililokuwa likinitafuna. Siku moja nilimsikia akizungumza na rafiki yake Iftin kwenye ukuta wa mabati unaotenganisha ua wetu na wa mwenye nyumba. Iftin alikuwa akimpa biskuti.

"Sitaki," Abigael alisema. "Baba yangu anashika nyama tangu alfajiri mpaka saa nne, na hali hata kipande. Kama yeye anaweza, mimi nitashindwaje?"

Nilijisikia vibaya sana, na nikaendelea kujisikia hivyo hadi saa saba.

Mwenye nyumba wetu ni Mzee Billow, mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Garissa kutoka Tarbaj zamani, na mkewe anaitwa Fatumo. Iftin ni mjukuu wao. Ni watu wema, hata bomba likipasuka hulitengeneza kabla hatujalalamika. Idd ya kuchinja ilipofika, Fatumo aliwaita watoto wote wa jirani, Waislamu kwa Wakristo, akawatandikia mkeka na kuwapakulia. Yaliyopita hapo niliyasikia baadaye kwa Fatumo mwenyewe.

"Kula, mtoto yangu," alimwambia Abigael.

"Asante ayeeyo. Sisi kwetu hatuli nyama."

Ayeeyo ni nyanya kwa Kisomali, na Abigael amemwita hivyo tangu tuhamie hapo.

"Basi kunywa maziwa."

"Hatunywi maziwa."

"Halwa?"

"Hatuli sukari."

"Haya, hii anjera ni unga tu."

"Unga mweupe pia hatuli."

Fatumo aliweka sahani chini. "Tangu lini, Abi?"

"Tangu Krismasi. Lakini tumezoea."

Sasa mtu wa Meru au Nyeri akisikia hivyo atasema hawa wamesoma sana hadi wamechanganyikiwa. Fatumo ni binti wa wafugaji. Kwa watu wake, mtoto hanyimwi maziwa kwa kupenda. Mtoto akikosa maziwa, maana yake mifugo imekwisha, nyumba imeanguka, na wenyewe wanaona haya kusema. Na lile neno "tumezoea" lilimmaliza kabisa. Aliingia ndani kulia kidogo, kisha akamweleza mumewe kwamba nyumba ya Daktari ina njaa.

"Wote?" Mzee Billow aliuliza.

"Wote."

"Hapana," mzee alisema. "Baba yao hana njaa."

Ijumaa iliyofuata, baada ya Alasiri, nilisikia hodi. Nilifungua lango nikawakuta wazee watatu waliovaa kanzu safi, Mzee Billow, Rage ambaye ni dalali wa ngamia, na Bishar, mchinjaji mkongwe tunayefanya kazi pamoja. Billow alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alisimama mbuzi jike mweupe mwenye kichwa cheusi, kiwele kimejaa.

Nilidhani mbuzi anaumwa. Mimi ndiye Daktari, sivyo? Nikaanza kumkagua macho.

"Mbuzi iko fizuri," Billow alisema kwa upole. "Tukae kwanza."

Walikaa kwenye mkeka barazani. Mirriam, ambaye hawezi kuona mgeni bila kumpa kitu, alikuja na chupa ya chai. Ilikuwa ile chai yetu, majani ya mchaichai kwenye maji moto, haina maziwa wala sukari. Wanaume hao wamezaliwa katika chai nyeupe tamu ya kusimamisha kijiko. Bishar alipiga funda moja, akachungulia ndani ya kikombe, kisha akamtazama Rage. Rage aliinamisha kichwa kama mtu aliyeko msibani.

Walikunywa yote kwa heshima. Mirriam alisimama mlangoni na chupa yake. Nilimwona Abigael nyuma ya gauni la mama yake.

"Daktari," Billow alianza, "wewe ni jirani yetu. Mimi nikiwa mtoto, ukame ilikuja kule Tarbaj, ngamia ya baba yangu ikakufa yote. Sisi watoto ni saba. Mtu moja, si ukoo yetu hata, akaleta ngamia ya maziwa. Akasema, kunywa, mkipata nguvu mtarudisha. Hakuuliza maswali. Sasa hii mbuzi si ya kuuza, na si ya kuchinja. Watoto ikunywe maziwa. Ikikauka, utarudisha, hakuna haraka."

Nilielewa taratibu, na nilipoelewa masikio yalinichoma.

"Mzee, nashukuru, lakini sisi hatuna shida."

"Mwanaume iko na shida hawezi sema," Rage alisema, akikitazama kikombe chake kitupu. "Tunajua. Si aibu."

"Hiyo ni maneno ya kwanza. Aibu iko kwa ile maneno ya bili," Billow alisema, na sauti yake ikabadilika. "Mimi nakuja nayo hapa kwako, sikupeleka sokoni. Kila siku saa saba wewe uko kwa Salat. Unakula nyama, mchele, na maziwa ya ngamia. Chakula ni halali. Lakini unakula beke yako nyuma ya friji, na watoto yako iko nyumbani inakunywa hii." Aliinua kikombe. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa. Lakini baba? Baba anakula mwisho."

Wote watatu walinitazama, wala hawakunitazama kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bishar, ambaye kila alfajiri hunichekesha hadi nikate maini vibaya, alikuwa na huzuni ya kweli usoni.

Nitasema ukweli wa dakika ile. Jibu lilikuwa tayari kinywani, nalo lilikuwa fupi: ni huyu mwanamke. Wangenielewa mara moja. Wangetikisa vichwa, wangenipa pole, na Mirriam angebaki amesimama mlangoni na chupa ya mchaichai mbele ya wanaume wanne waliokwisha kumhukumu. Nilimtazama. Alikuwa akinisubiri. Alijua kabisa ningesema nini, maana ananijua.

Kabla sijafungua mdomo, Abigael alitoka nyuma ya gauni.

"Awoowe," alimwambia Billow, yaani babu, "umekosea. Baba hali. Anaonja tu. Ni kazi yake, lazima aonje kama nyama ni nzuri, watu wasiugue."

Alisema bila kutetemeka, akiwa amesimama kati yangu na wazee, mikono imekunjwa kifuani. Bishar alijua kwamba hakuna mkaguzi duniani anayeonja, tena kwa mchele na ndizi. Rage pia alijua. Lakini niliona Billow akishusha macho na kunyamaza, na nikaelewa kwamba wangeniachia. Kwa ajili ya uso wangu mbele ya mtoto, wazee hao wangemeza maneno yao yote kama walivyomeza ile chai. Kilichobaki ni mimi kutikisa kichwa tu.

Nilitamani kukitikisa. Sijawahi kutamani kitu hivyo.

"Hapana, Abi," nilisema. "Sikuwa naonja. Nilikuwa nakula."

Aligeuka. "Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Hata Ramadhani?"

"Ramadhani Salat alifunga."

Rage alikohoa. Abigael hakucheka, wala hakulia. Mikono iliyokuwa imekunjwa ilishuka tu, akarudi ndani polepole, na mimi nikabaki hapo na moyo unauma kama umebanwa na mlango. Ningekubali wazee hao wanichape viboko barazani kuliko kuuona mgongo ule ukiingia ndani.

Hapo ndipo Mirriam aliposogea, akaweka chupa chini na kuketi pembeni ya mkeka.

"Wazee wangu, nyumba hii haina njaa. Mimi ndiye niliyekataza." Akawaeleza habari za baba yake, tangu kidole kilichoanza na kidonda kidogo cha kiatu hadi mguu wenyewe. Hakupunguza wala hakuongeza. Alipofika kwenye mguu sauti yake ilikatika kidogo, akaidaka na kuendelea.

Billow alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akatoa vidonge na kumwonyesha.

"Sukari hata mimi iko nayo, mama. Miaka kumi na moja. Bole kwa mzee. Sukari ni mbaya, kweli, uko sawa kuogopa." Alivirudisha vidonge mfukoni. "Lakini mbuzi imekufanya nini?"

Rage alishindwa kujizuia, akacheka, na Bishar akafuata. Mirriam aliuma mdomo, akatazama juu, akatazama chini, mwisho akacheka pia huku machozi yakimtoka. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akimlilia baba yake, na ilichukua wazee watatu na mnyama mmoja kumfikisha hapo.

Waliposimama kuondoka nilimpa Billow kamba. Aliikataa.

"Mbuzi haiwezi rudi leo. Watu imetuona tukiipeleka. Itasema Daktari amekataa jirani."

Basi mbuzi akabaki, tukamfunga kwenye pikipiki yangu, na kabla jua halijatua alikuwa amekula nusu ya kunde za wiki.

Jikoni nilimkuta Mirriam akitafuta sufuria.

"Samahani," nilimwambia.

"Mashati yako nayafua mimi, Kang'ethe. Harufu ya machinjioni naijua. Machinjioni hakuna iliki."

"Ulijua? Mbona ulininyamazia?"

"Nilikuambia useme mezani. Nikangoja. Wewe ulisema umeacha, na Abi akaamini, na kila nikitaka kukuumbua namwona anavyokutazama." Aliketi kwenye ndoo. "Naogopa, Baba Abi. Kila nikimwona Silas na kitu kitamu, naona kile kitanda cha hospitali. Najua nimezidisha. Sijui tu pa kusimama."

Nilimwambia nilikuwa nimemwacha aogope peke yake, huku nikishiba, na kwamba hilo ndilo linaloniumiza kuliko nyama yenyewe. Alinipa sufuria niishike.

"Maziwa yarudi," alisema baadaye. "Nyama tutaongea. Sukari usinitajie."

"Na mchele?"

"Usinijaribu."

Mirriam alikulia na ng'ombe, lakini mbuzi yule alikuwa na tabia zake, akatupiga teke sisi sote wawili kabla ya kukubali. Tulipata zaidi kidogo ya vikombe viwili. Tukayachemsha na kuketi mezani. Silas alikunywa chake kwa mkupuo mmoja, akabaki na masharubu meupe, akadai kingine. Abigael alikishika kikombe chake kwa mikono miwili bila kukiinua.

"Kunywa, Abi," nilimwambia. "Ni mazuri."

Alinitazama.

"Baba, ile siku ya kuzaliwa kwangu hukuja. Ulisema gari la kazi limeharibika Modogashe."

"Liliharibika. Tulikaa hapo tangu asubuhi, fundi akatoka Habaswein."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, Abi."

Alimgeukia mama yake.

"Liliharibika," Mirriam alisema. "Niliongea na dereva."

Ndipo akainua kikombe, akanywa.